Toleo jipya au toleo lililotulia? Ugomvi wa Linux juu ya neno moja, "python"

Wadau, kuna swali ambalo karibu kila kijana anayeanza Linux huuliza wiki ya kwanza: "Mbona nimeingiza Linux mpya kabisa, halafu programu zilizomo ni za zamani?" Unaangalia toleo la programu fulani, unakuta namba ambayo mwenye programu alishaipita mwaka mzima uliopita. Unajiuliza, hawa jamaa wamelala au vipi?

Hawajalala. Nyuma ya namba hiyo kuna mjadala ambao watu wa Linux wamebishana kwa zaidi ya miaka ishirini na hadi leo haujaisha: distro ikupe toleo lipi la programu pale ambapo wewe mwenyewe hujachagua? Leo tuuelewe kwa mfano mmoja uliowatoa watu jasho, mfano wa lugha ya Python. Ukishika huo, mengine yatanyooka yenyewe. Na hata kama hutumii Linux soma tu, maana seva nyingi zinazobeba tovuti unazofungua kila siku zinaendeshwa na Linux. Likiharibika huko, hata wewe linakufikia.

KWANZA, DISTRO NI NINI?

Linux yenyewe ni kiini tu, ile sehemu inayoongea na vifaa vya kompyuta. Ukipewa kiini peke yake huwezi kuandika hata barua. Kwa hiyo kuna watu wanaochukua kiini hicho, wanaongeza kivinjari, programu ya kuandikia, ya muziki, ya picha na kadhalika, wanavipanga vikae pamoja bila kugombana, halafu wanakupa kama kitu kimoja. Hicho ndicho kinaitwa distro. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004 kwa juhudi na fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na imejengwa juu ya Debian. Ziko pia Fedora, Red Hat, Arch, openSUSE na nyingine kibao.

Kila programu ndani ya distro inakaa kwenye kifurushi. Sio kile kifurushi cha intaneti cha kwenye simu, ingawa na hicho tutakigusa mbele. Kifurushi cha Linux kina programu yenyewe pamoja na maelezo yanayosema: mimi naitwa fulani, toleo langu ni namba hii, na ili nifanye kazi nawahitaji wenzangu wafuatao. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina vifurushi zaidi ya 69,000.

Kazi iko hapo kwenye "nawahitaji wenzangu". Kwenye Linux programu nyingi hutumia vitu kwa ushirika. Kipande kimoja cha kufungua picha kinaweza kutumiwa na programu mia moja. Faida yake ni kubwa: nafasi kwenye diski inapungua, na kasoro ikirekebishwa sehemu moja, zote mia zinapona. Hasara yake ni ile ya nyumba ya kupanga yenye bomba moja la maji. Mpangaji mmoja akibadilisha bomba kwa sababu anataka la kisasa, wapangaji wote wanaweza kuamka hawana maji.

Kwa hiyo distro inapochagua toleo la kukupa, haichagui kwa ajili ya programu moja. Inachagua kwa niaba ya wapangaji wote.

TUJE KWENYE PYTHON

Python ni lugha ya kuandikia programu. Wengi mnaijua, ndiyo inayofundishwa sana kwa wanaoanza. Lakini ndani ya Linux Python sio ya wanafunzi tu. Zana nyingi za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python.

Tarehe 3 Desemba 2008 ilitoka Python 3.0. Waliyoitengeneza, wakiongozwa na Guido van Rossum aliyeianzisha lugha hiyo, waliamua kurekebisha mambo waliyoona yalikosewa tangu mwanzo, hata kama programu za zamani hazitafanya kazi tena bila kuguswa. Mabadiliko mengine yalikuwa ya kelele. Kwa mfano, Python 2 ilikuruhusu kuandika

print "Habari"

lakini Python 3 inadai mabano:

print("Habari")

Ukiipa Python 3 ile ya kwanza, inagoma pale pale na kukuonyesha kosa. Unarekebisha, maisha yanaendelea. Kosa linalopiga kelele ni kosa la kiungwana.

Balaa lilikuwa kwenye mabadiliko ya kimya. Chukua hesabu ya kugawanya. Kwenye Python 2, ukigawanya namba nzima kwa namba nzima unapewa jibu zima, mabaki yanatupwa. Kwenye Python 3 unapewa jibu kamili na desimali zake.

Sasa fikiria kafe inayotoza shilingi 1,000 kwa saa, na kijana wa pale ameandika skripti ndogo ya kuhesabu malipo:

dakika / 60 * 1000

Mteja ametumia dakika 90. Python 2 inasema 90 gawanya kwa 60 ni 1, mara 1,000, lipa 1,000. Python 3 inasema ni 1.5, lipa 1,500. Mteja mwingine ametumia dakika 50. Python 3 inamdai kama 833. Python 2 inasema 50 gawanya kwa 60 ni sifuri. Mteja anaondoka bure!

Angalieni hapo. Skripti ni ile ile, hakuna aliyegusa hata herufi. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini, hakuna onyo, hakuna kilichozima. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: neno "python" kwenye mashine ile linamaanisha toleo lipi. Na aliyeamua hilo ni distro.

Weka seva ya hospitali au ya benki mahali pa kafe, utaelewa kwa nini watu walibishana hadi mishipa ya shingo ikawatoka.

DISTRO ZILIFANYAJE?

Kulikuwa na njia kadhaa, na kila moja ilikuwa na watu wake.

1. Arch walikwenda mbele haraka. Oktoba 2010 waliamua kwamba ukiandika "python" unapewa Python 3, na anayetaka ya zamani aandike "python2". Arch ni distro isiyo na matoleo makubwa. Programu mpya zinaingia mfululizo, na anayeitumia anajua alichokifuata. Lakini wakati huo skripti nyingi duniani zilikuwa bado za Python 2, na zilitarajia neno "python" liwaletee hiyo. Wengi walijikuta wanapita faili moja moja kurekebisha mstari wa kwanza.

2. Wengi walisubiri. Mwaka 2011 jumuiya ya Python yenyewe ilitoa mwongozo, unaojulikana kama PEP 394, ukisema kwa wakati ule neno "python" liendelee kumaanisha Python 2, na anayetaka mpya aseme "python3" kwa jina lake. Debian, Ubuntu, Fedora na Red Hat walikuwa kwenye mstari huo. Mpango wa kwanza ulikuwa Python 2.7 iachwe mwaka 2015, lakini mwaka 2014 ikaonekana dunia haijahama, wakaongeza miaka mitano. Mwisho ukawa tarehe 1 Januari 2020.

3. Fedora walihama dakika za mwisho. Fedora 31, iliyotoka Oktoba 2019, iligeuza neno "python" kuwa Python 3. Miaka tisa baada ya Arch.

4. Wengine waliacha neno wazi. Red Hat Enterprise Linux 8, Mei 2019, haikuelekeza neno "python" popote. Mwenye mashine anachagua mwenyewe, na zana za ndani za mfumo zikapewa Python yao ya pembeni ambayo mtumiaji hatakiwi kuigusa. Ubuntu 20.04 ya Aprili 2020 na Debian 11 ya Agosti 2021 zilifanya kitu kinachofanana. Ukiandika "python" unaambiwa amri hiyo haipo. Ukitaka neno liwe Python 3, unaingiza kifurushi kidogo chenye jina linalojieleza, python-is-python3.

Hiyo ya nne ilichekwa sana. Watu walisema, "Yaani mwaka 2021 mnatoa mfumo ambao ukiandika python unaambiwa haipo? Mwanafunzi anayefuata somo la mtandaoni atafanyaje?" Na ni kweli, mwanafunzi anaweza kukata tamaa hapo hapo.

Lakini rudi kwenye ile skripti ya kafe. Neno likikosekana, skripti inagoma kwa kelele. Kijana anaona, anafungua faili, anaamua: hii iliandikwa kwa Python 2 au 3? Anarekebisha mara moja, basi. Neno likibadilishwa maana kimya kimya, skripti inaendelea kutabasamu huku inakosea hesabu kila siku. Kati ya kukataliwa waziwazi na kudanganywa kwa upole, mimi nachagua kukataliwa. Hapo ndipo ninaposimama kwenye mjadala huu: distro inaweza kuleta toleo jipya wakati wowote, lakini jina ambalo watu wameshalizoea lisigeuzwe maana bila kelele.

KUNA WALIOJIFANYIA WENYEWE

Msifikiri wanaovunja mashine ni distro tu. Kwenye CentOS 6, Python ya mfumo ilikuwa 2.6. Watu walitaka 2.7 kwa ajili ya programu zao. Wengine wakaichukua 2.7 na kuiweka juu ya ile ya mfumo, wakafurahi. Kesho yake wanajaribu kuingiza programu kwa yum, inagoma. Kumbe yum yenyewe imeandikwa kwa Python, na ilikuwa inategemea ile 2.6 waliyoifunika. Na yum ndiye fundi ambaye ungemwita akurekebishie! Ni sawa na kukata tawi ulilokalia.

Ndiyo maana siku hizi ukitumia Debian 12 au mpya zaidi, ukajaribu kuingiza kitu cha Python kwa pip moja kwa moja, unapata kosa refu linalosema mazingira haya yanasimamiwa na wengine. Vijana wengi wanalilaani kosa hilo. Lakini linakulinda na yale yale ya yum. Linakuambia: Python hii ni ya mfumo, ukitaka kucheza fungua chumba chako pembeni. Chumba hicho kinafunguliwa hivi:

python3 -m venv chumba_changu

Halafu humo ndani ingiza toleo lolote unalotaka. Ukiharibu, unafuta folda nzima, mfumo hauna habari.

NAMBA NDOGO HAIMAANISHI PROGRAMU MBOVU

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Kwa nini distro kama Debian inakaa na namba ya zamani hadi itoe toleo kubwa jipya, karibu miaka miwili?

Wengi hawajui kwamba namba inaweza kubaki ile ile na ndani ikawa imeshatibiwa. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro kubwa kwenye OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya siri kwenye intaneti. Ilipewa jina Heartbleed. Mtu wa mbali aliweza kuchungulia vipande vya kumbukumbu ya seva na kukuta humo hata nywila. Matoleo yenye kasoro yalikuwa 1.0.1 hadi 1.0.1f, na dawa ilitoka kwenye 1.0.1g.

Debian 7 ilikuwa na 1.0.1e. Je, walihamia 1.0.1g? Hapana. Walichukua kile kiraka tu cha kuziba tundu, wakakishona kwenye 1.0.1e yao, wakaongeza alama ndogo mwishoni, deb7u5. Aliyeangalia namba ya mwanzo tu alisema "Debian bado iko wazi!" Kumbe imefungwa. Na Debian 6, ambayo wakati huo ilionekana ya kizee, ilikuwa na OpenSSL 0.9.8 ambayo kasoro hiyo haikuwahi kuingia. Mzee alipona kwa uzee wake.

Tukio lililowashtua watu zaidi ni la 2024. Kuna programu ya kubana mafaili inaitwa xz, ipo karibu kila Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alisaidia kuitengeneza kwa miaka kadhaa hadi akaaminiwa, halafu kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia seva. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza alichogundua. Alikuwa ameona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia. Nusu sekunde tu, jamani!

Nani alikuwa amepokea matoleo hayo? Wale wa mbele: Debian ya majaribio, Fedora iliyokuwa bado haijatoka rasmi, openSUSE Tumbleweed, Arch, Kali. Debian 12 ya kawaida ilikuwa na xz 5.4.1, haikuguswa. Kwa hiyo kusubiri kulitoa muda kwa mtu mmoja mwenye macho kuona kabla sumu haijafika kwenye seva nyingi za kazi.

LAKINI KUTULIA NAKO KUNA GHARAMA

Msinielewe vibaya, wazee wa "cha zamani ni dhahabu". Kuna upande wa pili.

Wa kwanza ni mtunza kifurushi mwenyewe. Anaposhona viraka anagusa kazi ya mwingine, na anaweza kutoboa mahali pazima. Mwaka 2006 Debian waliondoa mistari fulani kwenye OpenSSL kwa sababu chombo cha kukagua makosa kilikuwa kinailalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa inafanya funguo za siri zisiweze kubashiriwa. Hadi ilipogundulika Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilikuwa na uwezekano 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa. Kwa kompyuta, kuzijaribu zote hizo ni kazi ndogo. Tatizo hilo halikutoka kwa wenye OpenSSL. Lilizaliwa kwenye kifurushi.

Wa pili ni mwandishi wa programu. Jamie Zawinski ndiye aliyeandika XScreenSaver, programu ya kufunga skrini. Mwaka 2016 watumiaji wa Debian 8 walianza kuona onyo kwamba toleo lao ni la zamani mno. Onyo aliliweka yeye mwenyewe ndani ya programu. Alikuwa amechoka kuletewa malalamiko ya kasoro ambazo alishazirekebisha, ila distro haikuwa imezipeleka kwa watu. Aliwaambia Debian ama waapdeti ama waiondoe kabisa. Wao wakasema toleo lililotulia halibadilishwi hovyo. Ukimsikiliza kila mmoja unaona ana hoja. Mwandishi anapigiwa kelele kwa kazi ya jana, na distro imeahidi watu kwamba kesho itafanana na leo.

Wa tatu ni watafsiri. Kila toleo jipya linakuja na maneno mapya kwenye menyu. Wanaotafsiri programu huria kwa Kiswahili, kazi ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliifungulia njia mwaka 2004 kwa Jambo OpenOffice, wanajua kwamba hujamaliza toleo hili, lijalo limeshafika. Distro ikitulia, tafsiri inapata nafasi ya kulifikia toleo. Ila pia tafsiri nzuri ya mwezi uliopita inaweza kusubiri miaka miwili hadi mtumiaji aione.

Na kuna programu ambazo haziwezi kutulia hata ukitaka. Kivinjari ni moja. Matundu yake ni mengi na yanazibwa kila mara, huwezi kushona kiraka kimoja kimoja kwa miaka. Ndiyo maana hata Debian wanatumia Firefox ESR, tawi linalopata marekebisho ya usalama kwa kipindi kirefu, na tawi likifika mwisho wanahamia jipya katikati ya safari. Wamekubali kuvunja sheria yao kwa sababu gharama ya kutoivunja ni kubwa zaidi.

SASA WEWE UFANYEJE?

Tuache historia, tuje kwenye mashine yako.

* Ukinunua intaneti kwa MB, fikiria sana kabla ya kufuata distro inayobadilika kila siku. Arch haitaki uapdeti programu moja na kuacha nyingine. Ni zote au hakuna. Ukikaa miezi mitatu bila bando, siku ukirudi unaweza kukuta GB nzima inakusubiri. Debian iliyotulia au Ubuntu LTS zinaleta viraka zaidi, ni vidogo na vinavumilika.

* Mashine ya kazi (ya kafe, ofisi, shule) iwe na toleo lililotulia. Ubuntu LTS hutoka kila baada ya miaka miwili mwezi wa Aprili na huhudumiwa miaka mitano. Lakini kutulia sio kulala! Toleo lililotulia lisiloapdetiwa viraka ni tundu tu. Endesha

sudo apt update && sudo apt upgrade

mara kwa mara.

* Ukitaka programu moja tu iwe mpya, usibomoe nyumba nzima. Angalia kwanza kama ipo kwenye backports za Debian, ambako matoleo mapya yameandaliwa yakae juu ya mfumo uliotulia. Au tumia Flatpak au Snap, ambapo programu inakuja na mahitaji yake bila kugusa ya wenzake. Angalizo: hizo ni nzito. Flatpak ya kwanza inaweza kukulazimisha kushusha mamia ya MB kabla hujaona chochote.

* Ukiandika skripti, taja toleo kwa jina. Mstari wa kwanza uwe

#!/usr/bin/env python3

usiandike "python" peke yake. Na ukitaka kugawanya na kutupa mabaki, andika // badala ya /. Alama hiyo inatoa jibu lile lile kwa namba nzima kwenye Python 2 na 3. Siku distro ikibadilisha mawazo, skripti yako haitajua.

* Kabla ya kusema distro ni ya zamani, soma namba yote hadi mwisho. Andika

apt changelog openssl

uone viraka vilivyoshonwa na tarehe zake. Mara nyingi utakuta waliokuwa "wamelala" walifanya kazi wiki iliyopita.

MWISHO

Ukiniuliza jipya au lililotulia, nitakuuliza: likivunjika, nani atakuwepo kulirekebisha, na saa ngapi? Mtu anayejifunza nyumbani kwake usiku, mashine ni yake, muda anao, achukue Arch avunje na kujenga. Atajua mengi kuliko sisi. Lakini mashine ambayo watu wengine wanaitegemea, na aliyeiweka hayupo kila siku, inahitaji distro inayotimiza ahadi: neno ulilozoea litafanya kesho kile lilichofanya leo, na siku likiacha, utaambiwa.

Python 2 imeshazikwa. Debian 12 ya Juni 2023 haikuwa nayo tena. Lakini ugomvi utarudi kwa jina jingine, maana kila programu inayopendwa siku moja itatoa toleo linalovunja la jana. Siku hiyo angalieni distro yenu imegeuza nini, na imewaambia au imenyamaza.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe unatumia distro gani, na imewahi kukugeuzia neno bila kukuambia? Wale wa Arch najua mtakuja juu, karibuni, ila mje na hoja. Nawasilisha.